Thelathini na Tano ya Moyo wa Papa

Karibu nikusimulie, lakini usicheke haraka, maana mimi, mwalimu wa darasa la sita, mtu wa kuheshimika, ndiye niliyemwandalia baba yangu, Papa, matanga wakati yeye yuko kwa kinyozi.

Papa alikuwa akivimba miguu na kuishiwa pumzi, akapigwa picha ya moyo, na Jumamosi nikaenda kuchukua karatasi, imeandikwa asilimia 35. Daktari angetueleza Jumatatu. Ningengoja tu (siku mbili!), lakini mtu aliyesahihisha mitihani miaka kumi na minane haoni asilimia akanyamaza: kwetu shuleni chini ya hamsini umeshindwa, hakuna mjadala. Nikachukua simu, nikaandika kwenye kundi la familia kwamba moyo wa Papa umepata 35, tuombe.

Kufikia saa nane ujumbe umeshageuka habari ya msiba: jamaa waliotoka Masisi wamejaa uani, wale wa mji wa Kiwanja wameleta maharagwe, viti vimeazimwa kwa jirani, shangazi yangu ameshaanzisha wimbo, na ndipo Papa akaingia, kichwa kinang'aa, akauliza ni nani amekufa. Wimbo ukakatika. Shangazi akamjibu kwa upole, "Ni weye, kaka."

Papa akasoma karatasi, akanikabidhi vidonge vyake vyote, akasema kama ameshashindwa, dawa ni za nini tena. Hapo nikaogopa kwelikweli. Nikampigia daktari, nikaweka sauti wazi watu wote wasikie.

"Mwalimu," akasema yule mama daktari, "nani alikuambia moyo inafanyaka egzame, mtihani ya masomo?"

Akaeleza bila haraka: moyo hujaa damu, na kila pigo husukuma nje sehemu yake tu, hakuna moyo unaotoa yote, hata wenye afya hutoa kama hamsini na tano hadi sabini kwa mia. Wa Papa umechoka, haujafa, na mioyo mingi ya namna hiyo hupata nguvu tena kwa dawa. Si yote, lakini anayeacha vidonge anajinyima nafasi.

Papa akanyoosha mkono, akameza kidonge mbele ya waombolezaji wake, kisha akaamuru maharagwe yaliwe. Tulicheza hadi giza. Miezi sita baadaye kipimo kilisema 48 (bado chini ya hamsini, naam), na anavyojisifu mtaani kwetu Katoyi utadhani amepata diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari.

Basi ukipewa karatasi ya moyo, weka simu mfukoni, na umuulize daktari kwanza: ya kawaida ni ngapi, na tutapima tena lini?