Wimbo Ulioisha Ulezi Haujaisha

Mwezi uliopita, kwenye jioni moja ya wapenzi wa vitabu, mtu aliweka santuri ya zamani na sindano ikaanza kukwaruza. Sauti ile, kama ulezi mkavu unaomwagwa kwenye ungo, ilinirudisha kijijini Isansa, kwenye uwanja wa Bibi wa kupuria, uliopakwa samadi ya ng'ombe, vumbi la makapi likiniwasha shingoni. Mwenyeji wetu aliuita muziki ule "wa asili". Nikatabasamu. Neno hilo nililisoma kwa mara ya kwanza utotoni, kwenye jalada la santuri.

Baba mdogo aliipata Tunduma, kwenye vitu vilivyotumika vya mfanyabiashara wa ng'ambo ya mpaka, pamoja na gramafoni ya betri. Aliyeimba humo alikuwa Bibi Tabita, mdogo wake Bibi, aliyerekodiwa ujanani akiimba wimbo wa kupura ulezi. Mimi sikuwahi kumwona. Alifariki kabla sijazaliwa. Nilijua tu kwamba yeye ndiye aliyekuwa akianzisha na Bibi akiitikia, na kwamba tangu azikwe wanawake wa kwetu walipura kimya. Hakuna aliyethubutu kuanzisha mbele ya Bibi, na Bibi mwenyewe alikataa katakata.

Basi Baba mdogo akaiweka gramafoni juu ya kinu kilichopinduliwa, juani, kazi ikiwa imepamba moto.

Sauti ilipotoka, Bibi alishika fimbo yake ya kupuria kwa mikono miwili bila kuiinua.

"Ni yeye," alisema.

Kisha akapiga. Wote tukapiga, tukaitikia, makapi yakaruka, nami nikaamini wimbo umerudi nyumbani.

Mara ukaisha. Fimbo zikabaki hewani.

"Yaani Mama mdogo Tabita kashachoka?" akatania shangazi.

"Wimbo gani huu unaisha ulezi haujaisha?" Bibi akauliza.

"Mama, santuri ndivyo ilivyo, ina mwisho wake," alijibu Baba mdogo, akirudisha sindano mwanzo.

Akairudisha tena na tena, jua likiwa la utosi. Hakuna kati yetu aliyejua kwamba santuri huogopa jua. Ikaanza kujikunja ukingoni, na sauti ya Bibi Tabita ikavutika, ikalewa, ikawa ya mtu mwingine.

"Izime, mwanangu," Bibi alisema.

Nikaangua kilio. Baba mdogo alisimama na kile kisahani kilichopinda mkononi, hajui akiweke wapi. Ndipo Bibi, akiwa bado ameinama, akaanzisha. Sauti yake ilikuwa nyembamba na haikufika juu. Mistari miwili aliikumbuka. Wa tatu akautunga palepale: Tabita katoka Tunduma kwa basi, mwanangu kamwanika kama dagaa. Wanawake walicheka mpaka wakakohoa vumbi, wakaitikia. Rundo lilipoisha ndipo na wimbo ulipoisha.

Kwa akili yangu ya kitoto, siku ile tulimpoteza Bibi Tabita. Ukubwani ndipo nilipoelewa kuwa Bibi alikuwa amemtunzia mdogo wake nafasi ya kuanzisha miaka yote ile, na pale uwanjani alikubali, mbele yetu sote, kwamba hatarudi kuichukua. Tulichodhani ni utani kilikuwa msiba wake.

Bibi naye ametangulia, na shamba lile sasa ni la kahawa. Siku nyingine, nikipika, huanzisha mstari wa kwanza. Kisha hunyamaza, kwa muda ule ambao wanawake wangeutumia kuitikia, halafu huendelea.