Kwa Takwimu, Ni Sare

Baba yangu aliijua timu ya taifa ya Tanzania kabla Tanzania haijamjua yeye. Alikuja kutoka Burundi akiwa kijana, yeye na kaka yake mkubwa. Kaka akarudi baada ya miaka michache, baba akabaki kijijini Kumsenga, akaoa, akalima maharage na mihogo. Mama alifariki nikiwa darasa la nne. Baada ya hapo nyumba yetu ilikuwa na watu wawili na redio moja.

Nilipokuwa kidato cha pili, habari zilienea kwamba watu wa asili yetu wanaweza kuomba uraia. Kila mtu alikuwa na maoni yake juu ya maswali watakayoulizwa. Wengine walikariri mikoa, wengine wimbo wa taifa, wengine majina ya mawaziri. Baba aliwasikiliza wiki nzima, kisha siku moja tukiwa tunapukuchua mahindi akaniambia, "Mikoa hata mgeni anaijua. Mimi nitajifunza kitu ambacho mgeni hana sababu ya kukijua."

Ndivyo alivyoanza kuandika mechi zote za timu ya taifa, kurudi nyuma mpaka pale karatasi zilipoweza kumfikisha.

Karatasi zenyewe zilikuwa Kasulu. Kulikuwa na mzee mmoja mwenye duka la nguo na vyombo, Mwislamu, watu wake wa Tanga, ambaye baba aliwahi kumuuzia maharage. Stoo yake ilijaa magazeti ya zamani aliyokuwa akifungia vikombe na sahani. Alimruhusu baba akae barazani na kusoma atakacho, mradi asichane. Baba alisoma shule ya mapadri kwa Kirundi na Kifaransa, kwa hiyo Kiswahili cha magazeti kilimchosha macho. Likizo ile alinichukua. Mimi nilisoma kwa sauti, yeye akaandika: tarehe, mpinzani, uwanja, matokeo, wafungaji. Saba yake ilikuwa na kistari katikati, na moja yake ilikuwa na mkia mrefu, kama alivyofundishwa utotoni. Pale ukurasa wa michezo ulipokosekana, kwa kuwa ulikuwa umeshaondoka na sahani za mtu, aliandika kwa penseli, "haijulikani."

Tulikutana na vichapo vingi. Kuna mchana nilichoka nikamuuliza, "Data," kama tunavyomwita baba kwa Kirundi, "mbona tunaandika hata tulivyofungwa?"

"Kushinda kila mtu anakumbuka," alisema. "Watakaponiuliza, wataniuliza siku tulizofungwa."

Nilimwangalia. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema "tu" ya sisi kwa jambo lililo kubwa kuliko nyumba yetu.

Mwenye duka alituletea chai ya tangawizi na kusahihisha kidogo. "Huyo hakufunga kwa kichwa," alikuwa akisema huku akipita na mita yake ya kitambaa. "Nilikuwepo uwanjani, mimi. Andika alifunga kwa goti." Baba aliandika goti. Nadhani yule mzee ndiye aliyekuwa rafiki yake pekee, ingawa hawakuwahi kuzungumza jambo lingine lolote nje ya mpira.

Siku ya usaili tulikwenda Kibondo. Baba alivaa koti lake la harusi na kubeba madaftari matatu kwenye mfuko wa rambo. Nilikaa kwenye benchi karibu na mlango uliokuwa wazi, nikasikia kila kitu. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, aliyechoka. Alimuuliza ana watoto wangapi, analima nini, mwenyekiti wa kijiji chake ni nani, kwa nini asirudi kwao. Kwa lile la mwisho baba alijibu, "Mke wangu amezikwa hapa." Afisa akaandika. Kisha akasema wamemaliza.

Baba hakuinuka. "Samahani mama," alisema. "Hamna swali la timu ya taifa?"

"Timu ya taifa ipi, mzee wangu?"

"Ya mpira."

Afisa alicheka kidogo, si kwa ubaya. "Hiyo hata sisi tumeacha kuiulizia, mzee. Nenda nyumbani, utaitwa."

Njia nzima ya kurudi alipakata mfuko magotini. Nilitaka kumwambia kitu cha kumfariji, lakini nilikuwa na miaka kumi na mitano na nilichokuwa nikisikia zaidi ni aibu. Hati ya uraia ilikuja miaka mingi baadaye. Aliifungia kwenye sanduku, kisha akaendelea kuandika mechi kama kawaida, sasa kwa kusikiliza redio, bila kutegemea kuulizwa na yeyote.

Nikamaliza chuo, nikapangiwa kufundisha Kasulu, nikapanga chumba. Kila baada ya mechi nilimpigia simu, au alinipigia. Hatukuwa na mazungumzo mengine marefu. Timu ilipofuzu tena kwenda Kombe la Mataifa ya Afrika, baada ya karibu miaka arobaini, alinipigia na kukaa kimya kwenye simu mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Itabidi ninunue daftari jipya," akakata.

Mwaka huohuo, kwenye kufuzu Kombe la Dunia, Tanzania ikapangwa na Burundi.

Mechi ya kwanza ilichezwa Bujumbura Jumatano, ikaisha bao moja kwa moja. Ya marudiano ilikuwa Dar es Salaam Jumapili. Nilikwenda Kumsenga Jumamosi ili nisikilize naye. Jumapili mchana nikamshawishi twende senta ya kijiji, kwenye banda lenye televisheni. Nilitaka watu wamwone. Nilitaka, kusema kweli, watu watuone. Nimezaliwa kijiji kile, lakini hata nikiwa mwalimu bado kuna waliosema "wale wa kule" nilipopita.

Mlangoni pa banda palikuwa na wanaume wamesimama. Mmoja, jirani tuliyekuwa tukiazimana naye majembe, akasema kwa utani, "Mzee, leo unakaa upande gani? Tuna viti vya pande mbili." Wote wakacheka. Mwingine akaongeza, "Leo damu yake tutaijua."

Baba naye alicheka. Alimpa yule jirani mkono, akauliza hali ya mke wake aliyekuwa mgonjwa, kisha akanigeukia. "Wewe kaa, mwana wanje," alisema, akiniita mwanawe kwa Kirundi. "Mimi macho yanauma na mwanga wa televisheni." Akageuka, akaondoka na njia ileile tuliyokuja nayo.

Ningeweza kumfuata. Nilikaa.

Nilishangilia siku ile kuliko nilivyowahi kushangilia. Ikawa moja kwa moja tena, ikaenda dakika za nyongeza, ikaenda penalti. Warundi walikosa zote walizopiga. Tanzania ilipopata ya tatu, banda zima lilisimama, mama mmoja muuza vitumbua akanikumbatia mpaka miguu yangu ikaacha ardhi, na yule jirani wa majembe akanipigapiga mgongoni akisema, "Mwalimu ni wetu huyu, mwalimu ni wetu." Nilicheka pamoja nao. Nilipokuwa nacheka nilihisi nimesimama peke yangu katikati ya wale watu wote, na nilijua kwa nini.

Nilimkuta baba nyuma ya nyumba, kwenye kigoda, jua likiwa bado halijazama. Redio ilikuwa imezimwa. Daftari lilikuwa mapajani.

"Tumeshinda," nilisema. "Penalti."

"Nimesikia kelele za senta."

"Hukusikiliza mwisho?"

"Nilizima zilipoanza penalti."

Niliinama kuangalia daftari. Alikuwa ameandika tarehe, mpinzani, uwanja, wafungaji, na mwisho wa mstari, kwa mwandiko wake wa taratibu, "sare." Juu yake mstari wa Jumatano nao ulikuwa "sare."

"Data, penalti hujaandika."

"Penalti hazihesabiwi," alisema. "Muulize mzee wa Kasulu. Penalti ni za kuamua nani aendelee. Kwenye kumbukumbu mechi inabaki sare. Kwa takwimu, ni sare."

Ni kweli, ndivyo inavyoandikwa. Lakini nilikuwa bado na joto la banda mwilini, nikamwambia neno ambalo nimelijutia. Nilimwambia kwamba watu walikuwa wanamtazama, kwamba angekaa dakika moja tu na kupiga makofi mawili, maneno yote yangekwisha. Nilimwambia anajitenga mwenyewe.

Hakukasirika. Alifunika kalamu yake.

"Kaka yangu alikuwa anapenda mpira kuliko mimi," alisema. "Tangu arudi sijui anakaa wapi, sijui kama ana wajukuu. Sijui kama yupo. Lakini kama yupo, Jumatano na leo alikuwa amekaa karibu na redio. Muda wote huo nilijua anafanya nini. Unaelewa? Sijawahi kujua anafanya nini tangu tuagane." Alifunga daftari. "Zilipoanza penalti nikaona mmoja wetu ataumia. Nikazima."

Nilikaa chini karibu naye. Sikumwomba msamaha, kwetu mtoto mkubwa anaomba msamaha kwa kuwasha moto na kupika, na ndivyo nilivyofanya. Tulikula ugali na maharage. Asubuhi nikarudi Kasulu.

Baba alifariki miaka mitatu baadaye, kwa moyo, shambani. Kijiji kilikuja chote. Yule jirani ndiye aliyeongoza kuchimba kaburi, karibu na la mama, na alilia waziwazi. Mzee wa Kasulu alifika kwa bodaboda, umbali wote ule, akakaa na wanaume mpaka mazishi yakaisha. Burundi sikujua nimpelekee nani habari. Niliandika barua kwa parokia ya kijiji ambacho baba alikitaja mara mbili au tatu. Haikujibiwa.

Madaftari nilikuja nayo. Jioni moja nilianza kuyalinganisha na yaliyomo kwenye mtandao, mstari kwa mstari. Nilitarajia makosa mengi. Yalikuwa machache, na mara nyingine mtandao ndio uliokuwa mtupu na baba ndiye aliyekuwa na mfungaji. Nilikimbilia dukani kumwambia mwenye duka. Nilikuta kijana anauza kava za simu. Mzee alikuwa amechukuliwa na wanawe kwenda Tanga, macho yake hayaoni tena, na namba niliyopewa haikupatikana.

Nilijaribu kuendelea kuandika mimi. Niliandika mechi nne au tano. Kisha nikapitwa na moja wakati wa kusahihisha mitihani, nikaja kusikia matokeo kwa wanafunzi siku mbili baadaye, nikaona haya kuyaandika kama vile nilikuwepo. Tangu hapo sijaandika.

Lakini natazama bado. Juzi timu ilicheza, nikaitazama kwenye simu, chumbani, sauti nimeipunguza kwa sababu mpangaji wa pili ana mtoto mchanga. Tulishinda. Nilishika simu kwa mikono miwili na kwa muda kidole changu kilipita juu ya majina, moja baada ya jingine, likiwemo la baba ambalo sijalifuta. Sikupiga popote. Nikafua nguo zangu za wiki, nikazianika, nikakaa kizingitini nikiwasikiliza watu wa mtaa wa chini wakipiga mabati na kuimba.