Uwanja wa Helikopta Kwenye Shamba la Ulezi

Hadi leo, nikipita Katandala msimu wa kulima, harufu ya majani yaliyofukiwa hunisimamisha njiani.

Kwetu tulifukia majani kwenye matuta ya duara, yakaoza humo yakingoja ulezi. Mwaka ule tulilima mimi na mama tu. Baba alikuwa mwanajeshi, vitani kwenye misitu ya ng'ambo ya ziwa. Kwenye simu alinieleza wanavyokata miti na kusawazisha mahali pa helikopta kutua, jirani na mizinga yao.

"Kikibaki hata kisiki kimoja, haitui."

"Na kwenye matuta je, baba?"

Alicheka. "Hapo haiwezi, mwanangu."

Basi siku moja, nimetoka shule, nikashika jembe. Nilibomoa matuta tisa, udongo ukitoa joto la majani yanayooza, nikapazungushia mahali hapo mawe meupe. Mama akanikuta hapo. Alikuwa ametoka parokiani, alikoitwa asubuhi. Sikujua kwamba huko alikuwa amengojwa na wanajeshi wawili. Nilichojua ni kwamba nitachapwa.

"Unafanya nini?"

"Helikopta ya baba itatua hapa."

Aliangalia matuta yake, kazi ya wiki nzima. Kisha akanipokea jembe, akabomoa la kumi, akabomoa na lililofuata.

"Tupanue kidogo," alisema, bila kunitazama. "Isije ikakosa nafasi."

Tulisawazisha hadi jua likazama.

Siku ya tatu baba aliletwa, kwa gari, kwa barabara.