Barua ya Siku Aliyoondoka Ngeleja

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka nacheka peke yangu, halafu kicheko kinakatika katikati. Umeniambia Jumatatu unakwenda Geita kuwahoji wachimbaji wa zamani, na kinasa sauti umeshanunua. Kaa basi kidogo. Chai bado ya moto, nami sina haraka.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mwalimu mpya katika shule ya msingi moja nje kidogo ya Tinde. Msichana wa Shinyanga mjini, baba anauza vitambaa, Kiswahili kinateleza, Kisukuma cha kuombea maji tu. Wazee wakaamua historia ya kijiji iandikwe kwenye daftari kubwa, watoto waisome darasani. Kazi wakanipa mimi kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri. Mungu anisamehe, nami niliamini mwandiko mzuri unatosha.

Nilianzia masijala ya wilaya, kwenye mafaili ya wakati wa mkoloni. Siku ya tatu, vumbi limenijaa puani, nikapata barua ya karani mmoja kwenda kwa bwana shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya: mtu aitwaye Ngeleja, wa kijiji kile kile, ametoroka kuelekea magharibi na ng'ombe wa watu. Nilifurahi kama niliyeokota kipande cha dhahabu.

Nikaenda kwa Mzee Luhende, ambaye kila mtu alisema ni rika moja na marehemu Ngeleja. Nikamwamkia, nikamuuliza kama alimfahamu. Mzee akaangua kicheko.

"Ngeleja? Yule mwizi? Aliwavalisha ng'ombe viatu vya ngozi ili nyayo zisionekane. Dume moja likakataa kuvaa, akalibeba mgongoni mpaka Runzewe, kule magharibi."

Viatu nilivitilia shaka kidogo, lakini nikaviandika. Barua inasema, shahidi naye anasema, nikaona kazi imekwisha.

Jumapili moja alasiri kijiji kikakusanyika shuleni nisome. Nilipofika kwenye habari za Ngeleja wachache walicheka, wengi wakainamisha vichwa. Ndipo akasimama Mama Kulwa, binti pekee wa Ngeleja, mama wa makamo, mpole, aliyekuwa akiniletea maziwa karibu kila juma. Hakupaza sauti.

"Mwalimu, wajukuu zake wawili unao darasani. Kesho watasimama wasome kwamba babu yao alikuwa mwizi?"

Nikajitetea kwamba ipo barua ya serikali, na Mzee Luhende ameshuhudia. Wazee wakatazamana. Mmoja wao akaniuliza taratibu kama najua kwamba Luhende ni Mgalu, na Ngeleja alikuwa Mgika.

Sikujua. Kule, mwanangu, ngoma zina pande mbili, Wagika na Wagalu, zinazoshindana kila baada ya mavuno, na nyimbo zake ni za kukejeliana. Kejeli ikinoga, watazamaji wanahamia upande wako. Hata mtoto wa darasa la kwanza pale alijua kwamba habari za Mgika humuulizi Mgalu, labda kama unataka kucheka. Mimi nilikuwa nimenakili wimbo wa kejeli kwa wino mweusi, nikauita historia.

Mama Kulwa akaenda kwake, akarudi na jembe la zamani lililofuliwa na wahunzi wa Kizinza, wa huko magharibi, limelika nusu. Akanipa nilishike. Akaeleza kwamba mwaka wa ukame kaya zote zilimkabidhi baba yake ng'ombe, akawapeleka magharibi kwenye majani. Mvua ziliponyesha akawarudisha, na kila kaya akailetea jembe kama lile. Karani aliandika barua yake wiki ile Ngeleja alipoondoka. Aliporudi, hakuna aliyeandika.

Sote tukamgeukia Mzee Luhende. Akavua kofia, akaiweka magotini.

"Mwalimu, wimbo ule nimeuimba miaka na miaka, naye alikuwa ananijibu. Sasa wa kunijibu amekufa, na mimi nimeendelea kuimba kama mjinga. Andika hivi: ng'ombe wa baba yangu walikuwemo. Walirudi wote. Mke wangu nilimwoa kwa ng'ombe hao."

Nililia mbele ya wanafunzi wangu. Kisha nikaandika. Wimbo wa viatu sikuufuta, maana nao ni mali ya kijiji. Niliandika tu juu yake kwamba ni wimbo wa ngoma, wa Wagalu, na aliyeuimba ni nani. Maneno ya wazee nikayanakili, wakaweka dole gumba, nikayapeleka masijala yakafungwa kwenye faili lile lile, nyuma ya barua ya karani. Mama Kulwa hakuniletea maziwa majuma mawili. La tatu akaleta, akakaa tukazungumza mpaka ikabidi nimsindikize. Luhende naye akatunga wimbo mpya, wa mwalimu wa mjini anayeamini ng'ombe wanavaa viatu. Uliimbwa msimu mzima, na mimi nilikuwepo, nikauandika.

Kwa hiyo huko uendako barua ziheshimu, lakini kila barua iulize iliandikwa siku gani, kisha uwaulize watu baada ya siku ile kulitokea nini. Mzee akikusimulia, msikilize mpaka mwisho bila kumkatiza, halafu waulize wengine yeye na huyo anayemsema walikuwa nani kwa nani. Ukishikishwa kitu cha zamani usikimbilie kukipiga picha. Muulize aliyekitunza kwa nini hakukitupa. Na hili ndilo kubwa: kabla hujatia jina la marehemu kitabuni, wasomee kwanza watoto wake, nyumbani kwao, kwa sauti ya chini. Mimi nilianza na mkutano, na uso wa yule mama bado ninao.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akufungulie vinywa vya wanaokumbuka na akupe subira ya kuwasikiliza. Na siku jina lako litakaposomwa mbele za watu, na wewe hupo kujijibia, akuwekee mtu wa kusimama.