Miti ya Kubebea Sanduku

Juzi, kanisani Gitega, watoto walionyesha Sanduku la Agano la karatasi ngumu, lakini walisahau ile miti miwili ya kulibebea. Nikakumbuka alasiri moja kule Gashoho, tulipokuwa ndiyo kwanza tumerudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania. Nyumba ilinukia udongo mbichi, na mizigo yetu ilikuwa bado imefungwa kamba nyuma ya mlango.

Mama alinisomea katika Biblia kwamba miti ile haikuondolewa kamwe kwenye Sanduku.

“Kumbe Mungu naye hajafungua mizigo,” nikasema. “Mama, tutakimbia tena lini?”

Alicheka. “Mungu hakimbii, mwanangu. Miti ilikaa pale ili watu wakihama, ahame nao. Wakitulia, anatulia nao.”

“Sisi tumetulia?”

Aliinama akaanza kufungua mafundo ya kamba, moja baada ya jingine, na harufu ya nguo za kambini ikajaa chumbani. Leo najua kwamba naye alikuwa anaogopa, na namshukuru kwa kila fundo.

“Nenda kwa jirani,” akaniambia alipomaliza, “ukamwombe chipukizi la mgomba. Mwambie tunapanda leo.”