Sauti, Starehe na Umbo

Kwenye ghala letu hakuna hedifoni iliyotoka mlangoni bila kupita kwanza kwenye masikio ya mwanamke mmoja. Tulimwita Mama Sikio, na jina likamkaa mpaka Bosi mwenyewe akasahau lile la kwenye mkataba. Viwanda vilituletea sampuli za hedifoni zile ndogo za kuingiza sikioni, yeye anazivaa, anazipima, kisha anaandika kadi. Kadi ilikuwa na mistari mitatu: sauti, starehe, umbo. Chini yake sahihi. Alichokikataa hakikuuzwa.

Mimi ni fundi. Meza yangu inatazamana na yake, na kwa miaka kumi na moja nimemwona akiwa amevaa hedifoni mara nyingi kuliko nilivyomwona akila. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani nilimfanyia nilichomfanyia kwa kutompenda.

Starehe aliipima kwa kuishi nayo. Anavaa pea moja saa mbili nzima huku akifagia, akipanga maboksi, akitafuna karanga aone kama taya likicheza kitu kinachomoka. Halafu analala ubavu kwenye benchi, sikio chini. Alisema watu husikiliza wakiwa wamelala, ila wanaotengeneza wamekata shauri kwamba binadamu wote wamesimama wima. Sikio likiuma kabla ya saa mbili kwisha, anaandika "inauma", na hapo hakuna rufaa.

Umbo alilipima kwa vidole. Anafumba macho, anapapasa kwa kidole gumba atafute ya kushoto na ya kulia, anavuta waya pale unapoingia kwenye pini, kwa sababu ndipo zote hufia. Iliwahi kuja moja ya rangi ya dhahabu, Bosi akaishangilia kama mtoto. Mama Sikio aliandika kwenye kadi: "Hiki ni kipuli. Kipelekwe kwa sonara."

Sauti aliipima asubuhi, kabla hajaongea na mtu. Ukimsalimu anakupungia mkono tu, na mgeni angeweza kudhani ana kiburi. Hakupimia muziki. Muziki, alisema, unafunika makosa. Alikuwa na kinasa sauti kidogo chenye dakika nne za marehemu mume wake, alizozinasa siku ile walipokinunua. Mume anahesabu moja, mbili, tatu. Anauliza, "Inasikika?" Anakoroga chai. Kiti kinalia. Nje kuna ndege. Mwisho anasema, "Haya, zima." Basi. Hedifoni nzuri, kwa Mama Sikio, ni ile inayokupa kijiko, kiti, ndege na pumzi ya yule mtu. Dakika zile nne alizisikiliza kila siku ya kazi, na hakuna kati yetu aliyethubutu kumuuliza kama ni kazi tu.

Mwaka huu tukapata oda ya shule ya wanafunzi wasioona, pea mia mbili. Vitabu vyao vimesomwa na kunaswa, kwa hiyo wanavaa hedifoni saa sita kwa siku. Mama Sikio aliichukua oda ile moyoni. Wiki tatu alihangaika na sampuli, akarudisha nane, moja kwa sababu alama ya kushoto ilikuwa ya rangi tu. Hatimaye akaipitisha moja. Kwenye mstari wa sauti aliandika: "Safi. Hakuna mlio. Ndege wako wazi." Mzigo ukaja, ukafungwa, lori likapangiwa saa tatu asubuhi ya Ijumaa.

Jumatano nilitoa pea moja nikague risasi ya kulehemu kwenye pini, kazi yangu ya kawaida. Nikaichomeka, nikaivaa. Kulikuwa na mluzi. Mwembamba, wa juu kabisa, haukatiki. Nikadhani ni pea mbovu, nikafungua nyingine, nikafungua sita. Zote zinapiga mluzi. Nikampa dereva ajaribu, akaivua mara moja akiwa amekunja uso, akaniuliza nani anataka kumtesa.

Sasa, mambo ni mawili. Ama Mama Sikio hakusikiliza, ama hakusikia. La kwanza haliwezekani. Ni rahisi zaidi kuniambia jua limechelewa. Na la pili sikutaka kulifikiria, maana mtu huyu bila masikio ameshamwaga unga.

Mtu mwenye adabu angemwendea akamwambia. Mimi nilimtega. Alhamisi, kabla hajafika, nilichukua ile pea nzuri anayoiweka kama kipimo cha nyingine zote, nikasokota pamba nikaiingiza ndani ya mipira yake ya sikioni, pamba ya kutosha. Nikajaribu kwa kinasa sauti chake: sauti ya mume ipo, nzito kidogo, lakini ndege hakuna hata mmoja, kijiko hakuna. Nikairudisha mahali pake.

Akaja, akapunga mkono, akakaa, akavaa. Dakika nne. Nilimtazama usoni. Pale kwenye chai akatabasamu kidogo kama kawaida yake. Alipovua nilimuuliza kama ndege wapo leo.

"Wapo," akasema. "Kwani wataenda wapi?"

Nikamweleza yote papo hapo: mluzi, dereva, pamba. Nilichomoa pamba mbele yake nikaiweka mezani. Sijawahi kumwona mtu amekasirika kwa utulivu namna ile. Aliniambia nimemwekea mtego kama panya wa ghalani, na kwamba angenifundisha heshima kama ningekuwa mdogo wake wa tumbo moja. Akasema pamba ni pamba, inaziba huku inaacha kule, na masikio yangu mimi yamejaa moshi wa risasi. Mluzi wangu, akasema, uko kichwani mwangu. Alikuwa na haki ya kila neno isipokuwa hayo ya mwisho.

Siku nzima hakunisemesha. Jioni, wengine wanachukua mikoba yao, alisogeza kiti hadi kwenye meza yangu, akaweka kinasa sauti na ile pea nzuri, safi, bila pamba.

"Vaa wewe, Fundi. Nitajie unachokisikia, kwa mpangilio. Usiruke kitu."

Nikavaa. Nilimtajia moja, mbili, tatu. Nikamtajia swali la mume. Kijiko mara saba. Kiti. Ndege, mmoja karibu na wengine mbali. Alikuwa akiitikia kwa kichwa kila kimoja, na vyote alivijua kabla sijavitaja, akaanza hata kupata nguvu, kana kwamba ananishinda. Tukafika mwisho.

"Anavuta pumzi," nikasema. "Halafu anasema, haya, zima. Halafu inakatika."

"Pumzi inakuja baada," akasema. "Anasema zima, ndipo anashusha pumzi."

Nikarudisha nyuma. Nikasikiliza tena, na tena. Nilitamani sana iwe baada. Nilimwambia, "Dada, iko kabla. Baada hakuna kitu."

Akachukua hedifoni akazivaa mwenyewe, akasikiliza kipande kile cha mwisho, sijui mara ngapi, akiwa amezibana masikioni kwa vidole. Alipozivua macho yake yalikuwa makavu lakini uso ulikuwa umemshuka wote.

"Mimi naisikia baada," akasema. "Miaka yote hii naisikia baada. Sasa nilikuwa namsikia nani?"

Nilikuwa nimetaka kumwonyesha kosa la mluzi, na nimemnyang'anya mume kwa mara ya pili.

Asubuhi ya Ijumaa alifika kabla ya walinzi kubadilishana zamu. Nilipoingia nilimkuta amekata kamba za maboksi yote ya shule, na amesimama ofisini kwa Bosi na kadi mpya mkononi. Kwenye mstari wa starehe hakubadilisha neno. Kwenye umbo hakubadilisha neno. Kwenye sauti alikuwa ameandika: "Sikuisikia. Fundi ameisikia, ina mluzi. Isiende." Na sahihi yake, kubwa kuliko kawaida.

Bosi alisoma, akamwangalia, akasoma tena. Si mtu mbaya, ila ni mwepesi wa hasira, na lori lilikuwa limeshawashwa. Alimuuliza kama anajua maana ya alichoandika. Mama Sikio akajibu kwamba anajua, ndiyo maana amekiandika yeye na hakungoja kiandikwe na mwingine. Alisema watoto wale hawana macho ya kupumzishia masikio. Bosi alitoka nje, tukasikia injini ikizimwa.

Hakumfukuza. Alimwachia starehe na umbo, kwa sababu hakuna mwingine aliye tayari kulala kwenye benchi na kutafuna karanga kwa ajili ya kazi, na mstari wa sauti akaniwekea mimi. Shule ilipata mzigo wake mwezi mmoja baadaye, wa aina nyingine, na haukuwa na mluzi. Kadi zetu siku hizi zina miandiko miwili. Watu bado wanamwita Mama Sikio, naye bado anaitika, ila siku za kwanza alikuwa akichelewa kidogo kuitika.

Pamba ile hajawahi kuitaja tena. Kinasa sauti amenikabidhi. Sasa ni mimi ninayepunga mkono asubuhi bila kusalimu, na yeye anakaa upande wa pili anangoja. Nikivua haniulizi kuhusu ndege wala kijiko. Anauliza kitu kimoja tu, kama pumzi ipo, na mimi namjibu kwamba ipo, kisha anaandika starehe yake.

Juzi ilikuja pea ya bei rahisi. Niliisikiliza mara tatu, nikaisukuma ndani zaidi ya sikio, nikabana kwa vidole kama alivyofanya yeye. Nikavua. Akaniuliza. Alikuwa ananitazama usoni, na ningeweza kumwambia lolote, angeniamini.

"Haipo," nikamwambia.

Aliitikia kwa kichwa, akaikunja pea ile taratibu, akaitia kwenye boksi la kurudishwa.