Kichwa cha Binti Yangu na Siku ya Arubaini

Nilikuwa nikiamini kwa moyo wangu wote kwamba kichwa cha mtoto mchanga kinaganda siku ya arubaini, kama saruji. Usipokifinyanga mapema, ndiyo basi, mpaka kaburini. Mama yangu alikuja na habari hiyo kutoka Unguja, na hapa Ibra, Omani, kila bibi aliithibitisha, mikono imejaa mafuta ya nazi.

Sasa binti yetu wa kwanza akazaliwa na kichwa kirefu. Si kirefu kidogo, wallahi. Ungedhani papai limefungwa nepi. Mama akamkanda kila asubuhi. Siku ya ishirini na tisa, bado papai.

Mimi nilikuwa nimemaliza skuli ya usiku, nina cheti, kwa hiyo najiona mhandisi. Nikapanda pikapu kwenda kutafuta elimu. Nizwa nikamuuliza mfua fedha: kitu kigumu kinageuzwaje umbo?

"Kitie motoni kilainike," akasema, "halafu kigonge polepole."

Nikamshukuru, nikaendelea mpaka Sur. Huko fundi wa majahazi akanionyesha ubao uliopinda kama kiwiko. Wanaulowesha, wanaupasha moto, wanaubana mpaka ukubali.

"Wako una urefu gani, yakhi?"

"Shibiri moja," nikasema. "Na unalia."

Akacheka mpaka kilemba kikamwanguka.

Nikarudi na mpango wangu mwenyewe: kofia yangu iliyotiwa wanga, ngumu kama sufuria, duara barabara. Nitaitia vitambaa ndani, mtoto aivae siku kumi na moja zilizobaki. Mke wangu akaiangalia, akaniangalia.

"Wewe na cheti chako! Mguse mwanangu uone nani atafinyangwa leo."

Akambeba mtoto hadi hospitali, mimi nyuma na kofia mkononi. Tukapokewa na mkunga, mama wa Kipemba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Hiyo kofia ya nini?"

Nikamweleza yote, na moto na kubana. Hakucheka. Akakishika kidole changu, akakiweka taratibu juu ya utosi wa binti yangu. Palikuwa laini, panadunda.

"Mifupa yake haijaungana," akasema. "Ilisogeleana ili apite wakati wa kuzaliwa, na inarudi yenyewe, wengine huchelewa. Hapa patakuwa laini hata arubaini ikishapita, pengine mpaka aanze kutembea. Msimkande kichwa, msimbane. Mwacheni."